Zilipendwa: Urithi wa Vizazi Wenye Wenyewe

Nyimbo za muziki wa dansi zilizotungwa nchini zaidi ya miongo minne iliyopita bado zinasikika harusini, redioni na katika simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati bendi zilizozipiga zilipokuwa zikitamba. Baadhi ya wasanii wa kizazi kipya huzirudia, huchukua vipande vya magitaa yake au huazima maneno yake. Hali hiyo inathibitisha kuwa muziki huo haujafa. Hata hivyo, inaibua pia maswali ambayo wananchi wengi hawana majibu yake: wimbo wa zamani ni mali ya nani, unalindwa na sheria kwa muda gani, na familia ya mtunzi aliyefariki dunia ina haki gani?

Muziki uliokua pamoja na Taifa

Utangazaji wa redio jijini Dar es Salaam ulianza mwaka 1951. Baada ya Uhuru, studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa sehemu kuu za kurekodia bendi za hapa nchini, kwa kuwa viwanda vya kutengeneza santuri vilikuwa nchi jirani ya Kenya. Nyimbo nyingi zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku kwa ajili ya kutangazwa hewani. Wasikilizaji wa wakati huo walizifahamu kwa masikio tu, bila kumiliki nakala yake.

Bendi kadhaa zilikuwa chini ya taasisi za umma, vikiwemo vyombo vya ulinzi na usalama, na wanamuziki wake walikuwa watumishi wanaolipwa mshahara. Mfano unaojulikana zaidi ni NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama hicho kilipobadilika na kuwa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, bendi nayo iliitwa JUWATA Jazz. Baadaye ikaitwa OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma. Hivyo, majina ya bendi moja yanasimulia historia ya vyama vya wafanyakazi nchini.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi ziliimba kuhusu kazi, kilimo na umoja wa kitaifa. Ziliimba pia kuhusu mapenzi, ndoa, ulevi, usaliti wa marafiki na maisha ya mjini. Kwa kijana wa miaka hiyo, wimbo wa kuhimiza kilimo ulikuwa habari ya siku iliyomgusa moja kwa moja. Mjukuu wake anapousikia leo huvutiwa kwanza na magitaa na tarumbeta, na ujumbe humfikia kama simulizi ya zamani.

Neno moja, masikio mawili

Tofauti hiyo inaonekana hata katika jina la muziki wenyewe. Neno “zilipendwa” liko katika wakati uliopita, kana kwamba mapenzi hayo yamekwisha, ilhali nyimbo hizo zinapendwa hadi sasa. Wazee hulitumia kwa maana ya kumbukumbu ya ujana wao. Vijana wengi hulitumia kama jina la aina ya muziki, sawa na wanavyotaja singeli au Bongo Fleva.

Majina ya mitindo ya bendi nayo yana tabaka za maana. Msondo ni jina la ngoma ndefu iliyotumika katika sherehe za jadi, hususan za unyago, kabla halijawa jina la mtindo wa bendi. Mtu anayelifahamu kwa bendi pekee anapata nusu ya maana yake. Nusu nyingine iko kwa bibi aliyeiona ngoma hiyo ikipigwa. Vivyo hivyo, nyimbo nyingi za dansi zilitungwa kwa mtindo wa barua au wasia, njia za mawasiliano ambazo kijana wa leo anazitumia kwa nadra. Asipofafanuliwa, wimbo humfikia ukiwa na sauti nzuri bila kisa chake.

Sheria inasema nini

Kwa upande wa Tanzania Bara, kazi za muziki zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Sura ya 218, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA.

Chini ya sheria ya Tanzania Bara, mtunzi ana haki za kiuchumi, yaani kunufaika na matumizi ya kazi yake, na haki za kimaadili, yaani kutajwa kuwa mtunzi na kupinga kazi yake isipotoshwe. Haki za kiuchumi hudumu katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na hurithiwa kama mali nyingine.

Mifano ya wanamuziki wanaofahamika inasaidia kuelewa hesabu hiyo. Salum Abdallah, kiongozi wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki dunia mwaka 1965. Miaka 50 tangu kifo chake ilitimia mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe, aliyepiga na Morogoro Jazz na baadaye kuunda Super Volcano, alifariki dunia kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwaka 1979. Kwake, miaka hiyo itatimia mwaka 2029. Marijani Rajabu, aliyepewa jina la Jabali la Muziki, alifariki dunia mwaka 1995, na muda wake utatimia mwaka 2045.

Hesabu hiyo inahusu nyimbo ambazo mtunzi alizitunga peke yake. Wimbo uliotungwa na watu wawili au zaidi huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi wa mwisho. Aidha, rekodi yenyewe na uimbaji uliomo ndani yake vina ulinzi wa pekee uitwao hakishiriki. Kwa hiyo, msanii anayetaka kuuimba upya wimbo wa zamani anashughulika na haki za mtunzi, na anayetaka kukata kipande cha rekodi ya zamani anashughulika pia na haki za mwenye rekodi. Kwa nyimbo za bendi za taasisi, mkataba wa ajira wa mwanamuziki ni nyaraka muhimu, kwa kuwa unaweza kuonesha haki ipi ilibaki kwake na ipi ilikwenda kwa mwajiri.

Hasara ya kutoandika

Wimbo “Malaika” ni funzo kwa Afrika Mashariki nzima. Umeimbwa na wasanii wakubwa duniani, akiwemo Miriam Makeba wa Afrika Kusini, pamoja na kundi la Boney M. Mwanamuziki wa Kenya, Fadhili Williams, aliyefariki dunia mwaka 2001, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi wake, lakini watu wengine pia, akiwemo Adam Salim, wametajwa kuutunga kabla yake. Wimbo umevuka mipaka na vizazi, na mzozo wa nani aliutunga umesafiri nao.

Kisheria, haki ya mtunzi haitegemei usajili. Huanza pale kazi inapoundwa. Usajili, hata hivyo, ni ushahidi mzito pale mgogoro unapotokea, hasa mtunzi na wenzake wanapokuwa hawapo tena kujieleza. Kanda za sumaku nazo huharibika kwa joto, unyevu na umri, na mashine za kuzichezea zinazidi kuwa adimu. Kanda ikiharibika kabla ya kuhamishiwa katika mfumo wa kidijitali, hupotea sauti pamoja na ushahidi wa nani alipiga nini na mwaka gani.

Hatua kwa familia na wasanii

Familia za wanamuziki wa zamani zinashauriwa kutunza santuri, kanda, picha, mikataba na daftari za mashairi, na kuziandikia majina na tarehe wakati wanaozifahamu bado wako hai. Ni vema familia ikamteua msimamizi mmoja wa mirathi anayetambulika kisheria, na kufika COSOTA au COSOZA kuulizia usajili wa kazi na utaratibu wa mirabaha.

Msanii anayetaka kutumia wimbo wa zamani anapaswa kumtafuta mwenye haki kabla ya kuingia studio, kupata ridhaa kwa maandishi na kumtaja mtunzi katika kazi mpya. Hata pale muda wa haki za kiuchumi unapokuwa umekwisha, kumtaja mtunzi ni heshima kwake na ni msaada kwa msikilizaji anayetaka kujua wimbo umetoka wapi.

Kwa wananchi wengine, kazi ni nyepesi zaidi: kukaa na wazee na kuwauliza nyimbo hizo zilihusu nini. Maelezo hayo hayamo katika kanda yoyote.