Mgonjwa Mwenye Mrija Asiachwe Ufukweni

Wamo miongoni mwetu ndugu waliorejea Visiwani kutoka hospitali kuu wakiwa na mrija mwembamba uliotokeza kifuani, au mkononi juu ya kiwiko. Majirani huutazama kwa hofu, watoto huuliza, na wapo wanaonong'ona kwamba mtu aliyetiwa mpira hadi karibu na moyo hana siku nyingi. Minong'ono hiyo haina ukweli, tena humvunja moyo mgonjwa ambaye tayari amebeba mzigo mzito. Mrija huo ni njia ya dawa, na kwa wengi ndio uliowezesha matibabu yao kuendelea.

Hapana budi kwanza tueleze sababu yake. Baadhi ya dawa za kemikali zinazotibu saratani, kama vile doksorubisini na vinkristini, ni kali mno. Zikivuja nje ya mshipa mdogo wa mkono huunguza nyama na kuacha kidonda kigumu kupona. Isitoshe, mishipa midogo inayochomwa sindano mara kwa mara hukakamaa, hata muuguzi stadi akakosa pa kuingilia. Kwa hiyo mganga hupitisha mrija laini mpaka ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Huko damu hupita kwa wingi na kwa kasi, dawa huchanganyika mara moja, na mshipa husalimika. Kwa mrija huohuo hutolewa damu ya kupima, na unaweza kukaa mwilini kwa miezi kadhaa.

Elimu hii haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijipenyeza mwenyewe mrija kupitia mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu kupigwa picha ya eksirei ili kuthibitisha. Wakubwa wake wengi walimbeza. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Miaka ya 1970, huko Seattle, Marekani, madaktari Broviac na Hickman walitengeneza mirija ya kukaa mwilini kwa muda mrefu, na jina la Hickman limebaki kuitwa mrija wenyewe hadi leo.

Sasa tuje kwenye maisha ya nyumbani, kwani huko ndiko kwenye mtihani. Mrija ni mlango ulioachwa wazi kuelekea moyoni, na mlango hulindwa. Anayeugusa lazima anawe mikono kwa sabuni kwanza. Kichwa cha mrija husuguliwa kwa spiriti na kuachwa kikauke kabla ya kuunganishwa na chochote. Mrija wa kifuani usiotumika kwa kawaida husukumiwa maji safi ya chumvi ya hospitali mara moja kwa wiki ili damu isigande ndani, na bomba la sindano liwe la mililita 10 au zaidi, kwa kuwa dogo hutoa msukumo mkali unaoweza kuupasua. Plasta ya uwazi hubadilishwa kila baada ya siku 7, au mara moja ikilowa au kubanduka.

Mama anayejifunga kanga aepuke pini karibu na mrija, na mkasi usikaribie kabisa. Mwenye mrija mkononi asivute ndoo kisimani wala kubeba gunia la karafuu. Kuoga kunawezekana iwapo plasta imefunikwa vyema isiingie maji, lakini kuzama baharini hakufai. Juu ya josho na udhu, amwulize sheikh wake, kwani masharti ya mwenye jeraha lililofungwa yanajulikana. Mrija ukipasuka, ubanwe mara moja baina ya mpasuko na mwili, kisha mgonjwa akimbizwe hospitali. Mkono au shingo ikivimba, au ngozi ikiwa nyekundu na kutoa usaha, hiyo nayo ni habari ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Hatari kubwa kuliko zote ni homa. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, hasa baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo vijidudu vichache vilivyopita katika mrija vinaweza kumwua mtu kabla ya jua kuchomoza. Joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi baada ya mrija kusukumiwa maji, anapaswa kufika hospitali bila kuchelewa na kupata dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa moja tangu afike.

Tuchukulie mvuvi wa Tumbatu aliyeshikwa na homa usiku wa manane, siku ya kumi baada ya dozi yake. Kusi inavuma. Jamaa zake husema ni malaria, humpa kidonge cha kutuliza homa na kumwambia avumilie hadi asubuhi. Kidonge kinaficha joto, ila vijidudu havikulala. Hata akipata mashua hadi Mkokotoni, na gari hadi Kivunge, atamkuta muuguzi anayejua mrija ule? Au ataambiwa asubiri foleni pamoja na wenye mafua?

Swali hilo tunalielekeza kwa viongozi wetu. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani wa Visiwani wamevuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Serikali inayogharimia safari na dawa haina budi kugharimia pia wiki zilizo baina ya dozi moja na nyingine, kwa maana ndizo nyingi zaidi. Tunaomba kila wilaya iwe na wauguzi waliofunzwa kuhudumia mrija, na vituo vyao visikose maji ya chumvi, mabomba ya sindano na plasta. Tunaomba kila mgonjwa apewe barua inayotaja aina ya mrija wake, tarehe ya dozi ya mwisho na amri ya kutochelewesha homa. Na tunaomba masheha wa visiwa vidogo wapange mapema chombo na nahodha wa usiku. Hayo si mambo ya fedha nyingi. Kozi nzima ya matibabu ikipotea kwa kukosa plasta, hasara ni ya taifa.

Waganga nao wamwulize mgonjwa anakoishi kabla ya kumchagulia mrija. Kipo kifaa kinachozikwa chini ya ngozi, ambacho kisipotumika huhitaji kusukumiwa maji kila baada ya wiki 4 au zaidi, na kidonda kikipona mtu huweza hata kuingia baharini wakati hakina sindano. Ni ghali zaidi na huhitaji upasuaji, lakini kwa mkazi wa kisiwa kidogo huenda kikawa ndicho kinachomfaa.

Kwa jamaa wa wagonjwa, neno letu ni fupi. Nunueni kipimajoto, kiwekeni mahali panapojulikana, na usiku wa homa msingoje kupambazuke. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mrija huu ni mgeni katika miili ya ndugu zetu. Tukiupokea kwa usafi na kuulinda kwa maarifa, wenyeji watapona.