Maji ya farumi: mzigo wa meli usio na risiti

UKIMTAJIA mkulima wa Kidichi maji yaliyomo matumboni mwa meli, huenda akauliza yanamhusu nini. Shamba lake lina mikarafuu, midalasini na mipilipili manga, na halioni mawimbi. Lakini karafuu zake huvuka bahari, na mchele anaoununua dukani huja kwa meli.

Manahodha wa majahazi wanaijua farumi tangu zamani: mawe au mchanga wa kukipa chombo uzito kikiwa hakina shehena. Meli za chuma hutumia maji. Zikishusha mzigo huvuta maji ya bandarini kujaza matangi. Zikienda kupakia kwingine huyamwaga huko, pamoja na mayai ya samaki, vijimea na bakteria wasiohesabika.

Hatari yake si ya kubuni. Mwaka 1991 kipindupindu kililipuka Peru na kusambaa Amerika ya Kusini. Mwaka huo na uliofuata, Marekani ilipima meli 19 katika bandari za Ghuba ya Mexico, na tano zikakutwa na vijidudu vya aina ile ile. Chaza wa ghuba ya Mobile, Alabama, nao walikutwa navyo.

Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika Septemba 8, 2017. Zamani ilitosha meli kubadilisha maji katikati ya bahari. Tangu Septemba 8, 2024 meli zinazobanwa na mkataba huo zinatakiwa kufikia kipimo cha usafi, na nyingi hufunga mitambo. Katika mililita 100 za maji yanayomwagwa, vijidudu vya kipindupindu viwe chini ya kimoja, bakteria wa kinyesi aina ya E. koli chini ya 250, na enterokoki chini ya 100.

Mtambo huanza kwa kuchuja. Chujio hunasa viumbe vikubwa, lakini bakteria ni wadogo mno, hupenya. Ndipo maji humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno au hupitishiwa umeme, chumvi yake ikatoa klorini. Klorini hiyo lazima ipoozwe kwa dawa kabla ya kumwagwa, isije ikaua vya nje.

Hapa ndipo penye kazi. Bakteria wachache wanaosalimika hukuta chakula tele, yaani mabaki ya viumbe vilivyokufa, na waliokuwa wakiwala hawapo tena. Baada ya siku chache idadi yao yaweza kurudi juu, ila aina hupungua. Mkulima analijua hilo: shamba likichomwa moto, la kwanza kuota ni gugu. Wengine hutengeneza upya majeraha waliyopata kwa mwanga, na ndiyo maana mitambo mingi ya mwanga huyamulika maji mara ya pili wakati wa kuyamwaga.

Si kila bakteria ni adui. Wengi wa baharini huozesha taka na kulisha viumbe wengine. Lakini kipimo cha mkataba kinataja makundi matatu tu, yanayomgusa binadamu. Wanaoshambulia mwani hawamo. Akina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989, wanaujua ugonjwa wa mwani kuwa mweupe na kukatika. Kinachotajwa zaidi ni joto la maji, ambalo hulidhoofisha tawi kwanza, kisha bakteria huingia. Meli isibebeshwe lawama zote, kama ambavyo kipindupindu cha Unguja kimehusishwa zaidi na visima na vyoo.

Bandarini, ukaguzi huanza na karatasi: cheti, mpango wa farumi na daftari la kila maji yaliyovutwa na kumwagwa. Shaka ikiingia, maji huchukuliwa kupimwa. Bakteria huoteshwa maabara kwa siku moja au zaidi, na kufikia hapo meli huenda imeshang'oa nanga.