Bomba Hili ni la Nani?

Mwanachama mpya akijiunga na klabu yetu kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, haipiti wiki kabla hajauliza kuhusu vile vilima vya manjano vinavyoonekana kusini mwa jiji. Vimelala bapa juu kama vimekatwa kwa kisu, na miti ni ya kuhesabu. Sisi tuliokulia hapa tumevizoea mno, hata hatuvioni tena. Inabidi tumweleze kwamba ule ni mwamba uliotolewa chini ya ardhi, ukasagwa, ukatolewa dhahabu, na unga uliobaki ukarundikwa pale. Upepo wa Agosti ukivuma, unga huo huingia hadi kwenye masufuria.

Wahariri walipotupa mada ya miji ya migodi iliyokwisha, tulidhani tumepewa kazi rahisi, maana tunaishi ndani ya mmoja. Kisha tukaanza kubishana. Je, Johannesburg ni mji wa migodi iliyokwisha? Dhahabu ilipatikana hapa mwaka 1886, na migodi mikubwa ya katikati ya jiji ilifungwa kabla wazazi wetu hawajafika. Sehemu ya uliokuwa mgodi wa Crown Mines sasa ni Gold Reef City, mahali pa kupeleka watoto wakapande mabembea. Hata hivyo jiji halikufa. Soko la hisa lilianzishwa mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya dhahabu. Bodi ya maji, Rand Water, iliundwa mwaka 1903 kuhudumia eneo zima. Kampuni ya umeme ya Victoria Falls ilianza mwaka 1906, na licha ya jina lake umeme wake ulitoka kwenye makaa ya mawe ya hapahapa. Hata Chuo Kikuu cha Wits kina asili ya migodi: kilianza mwaka 1896 kama shule ya migodi huko Kimberley, kikahamia Johannesburg mwaka 1904. Mabomba, nyaya na madarasa hayo yalijengwa kwa ajili ya migodi mingi kwa pamoja, kwa hiyo hapakuwa na mgodi mmoja ambao ungeweza kuondoka nayo.

Ili kuona upande wa pili wa mambo, Jumamosi moja wanne kati yetu tulipanda teksi kwenda Carletonville (msomaji wa Dar asome daladala, wa Nairobi asome matatu). Ni kama kilomita 75 magharibi mwa Johannesburg. Njiani minara ya migodi inajitokeza moja moja kwenye nyasi kavu, yenye magurudumu juu ya kuteremshia na kupandishia watu. Mingine inazunguka, mingine imesimama, na kwa macho yetu ya kimjini hatukuweza kuitofautisha mpaka tulipokaribia.

Mji huo umepewa jina la Guy Carleton Jones, mhandisi aliyekuwa miongoni mwa wale waliosadiki kwamba mwamba wa dhahabu unaendelea magharibi, chini sana, chini ya maji. Manispaa inaitwa Merafong, yaani mahali pa migodi. Jirani yake kuna Blyvooruitzicht, mgodi ulioundwa mwaka 1937 na kuanza kutoa dhahabu mwaka 1942, na ulikuwa mmoja wa migodi tajiri kuliko yote duniani. Kutamka jina hilo kulitushinda. Wenyeji husema Blyvoor tu. Kwa Kiholanzi cha zamani maana yake ni tarajio la furaha.

Karibu na stendi tulimkuta mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi. Tukamwamkia, "Dumela, ntate," na mwenzetu anayejua Kisotho vizuri akashika usukani wa mazungumzo. Mzee hakutueleza sana habari za dhahabu. Alitueleza habari za nyumba. Ukiajiriwa, mgodi unakupa kitanda hosteli, na ukiwa na cheo unapewa nyumba kijijini kwa mgodi. Maji ni ya mgodi, umeme ni wa mgodi, taa ya barabarani ikiungua anakuja fundi wa mgodi. Ukiumwa, hospitali ni ya mgodi. Mpira ukichezwa, uwanja na jezi ni za mgodi. Alivyosimulia ilikuwa kama mtu anayemkumbuka baba mkali ambaye hata hivyo hakuwahi kukosa kuleta unga nyumbani.

Wazee wa baadhi yetu waliijua migodi hii kwa jina jingine: Wenela. Ndivyo watu walivyolitamka jina fupi la chama cha uajiri cha migodi, WNLA, kilichokusanya vibarua kutoka Msumbiji, Malawi na kwingineko, wakiwemo maelfu kutoka kusini mwa Tanganyika. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ya Tanganyika ilisimamisha uajiri huo. Kwa hiyo mtu wa Rungwe huenda alilala katika hosteli hizi miaka mingi kabla ya sisi kuzaliwa upande huu, na alirudi kwao bila kuacha hata shina la mti lenye jina lake.

Kabla ya kufika kwenye kufungwa kwa mgodi, lazima tuzungumze kidogo kuhusu maji, maana bila hayo hakuna kinachoeleweka hapa. Chini ya Carletonville kuna dolomaiti, mwamba unaolika kwa maji na kuacha mapango. Mapango hayo yalikuwa yamejaa maji, na maji ndiyo yaliyokuwa yakiyashikilia. Migodi ilipoyavuta kwa pampu ili wachimbaji wasizame, ardhi ya juu ilibaki bila mhimili. Desemba 1962 shimo lilifunguka ghafla katika mgodi wa West Driefontein, likameza jengo zima la kusagia mawe pamoja na watu 29. Agosti 1964 jingine lilifunguka katika kijiji cha Blyvooruitzicht usiku na kumeza nyumba na familia ya watu watano. Klabuni tumebishana wiki nzima mashimo haya yaitweje. Mmoja anasema "mdidimio", mwingine "shimo la kumeza". Poromoko halifai, kwa sababu hapa hakuna mlima. Waalimu wetu watatusaidia.

Basi fikirieni mabomba yaliyolazwa juu ya ardhi ya namna hiyo. Bomba likivuja, maji yanaingia kwenye dolomaiti na kuita shimo jingine. Kwa hiyo katika mji huu fundi wa bomba ni mlinzi wa maisha ya watu, na kumkosa si usumbufu tu wa kukosa maji ya kuoga.

Mwaka 2012 Blyvoor uliuzwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Agosti 2013 uliingia kwenye ufilisi. Zaidi ya watu 1,500 walipoteza kazi kwa mkupuo. Yaliyofuata yalielezwa katika ripoti ya mwaka 2017 ya shirikisho la haki za binadamu la FIDH pamoja na Lawyers for Human Rights: wizi wa nyaya na vyuma, maji na umeme wa kukatika, maji taka yakitiririka kati ya nyumba. Ukiisoma, kinachokukera zaidi ni jambo dogo la kisheria. Kijiji kilikuwa mali ya mgodi. Bili za maji na umeme zilikuwa za mgodi. Mgodi sasa ulikuwa mikononi mwa mfilisi, na kazi ya mfilisi ni kugawa kilichobaki kwa wanaodai. Manispaa nayo iliona kijiji kiko kwenye ardhi ya mtu binafsi. Mwananchi akishika bomba lililopasuka na kuuliza ni la nani, kila ofisi ilikuwa na sababu ya kumwelekeza kwenye ofisi nyingine.

Sheria haikukosekana. Sheria ya madini ya mwaka 2002 inasema mwenye mgodi anabaki na wajibu mpaka apewe cheti cha kufunga, na anapaswa kuweka fedha za kukarabati ardhi tangu mapema. Hata hivyo Afrika Kusini ina karibu migodi 6,000 iliyotelekezwa, ambayo wengi wa wenyewe hawapatikani tena. Wakati mwingine mali huuzwa kwa mnyonge zaidi kila mara, hadi inapofika kwa yule ambaye hana cha kunyang'anywa. Sisi si wanasheria, lakini tukiona kiazi cha moto kinarushwa tunakijua.

Tuseme pia kwamba Blyvoor baadaye ulipata mwenyewe mwingine na kufunguliwa tena kwa kiasi. Na Carletonville haijaisha: Mponeng, mgodi ambao umechimbwa kwenda chini kama kilomita 4, uko hapohapo na bado unafanya kazi. Mji unaweza kuwa hai upande mmoja wa barabara na kufa upande wa pili.

Wakazi wa Khutsong, kitongoji cha Waafrika kando ya Carletonville, walilielewa suala la nani mwenye bomba mapema kuliko sisi wenye vitabu. Mwaka 2005 ilipoamuliwa manispaa yao itolewe mkoa wa Gauteng na kupelekwa North West, waliandamana kwa miaka, na katika uchaguzi wa mitaa wa 2006 karibu wapiga kura wote walisusa. Mtu wa mbali angeweza kucheka: mstari tu kwenye ramani! Wao walijua mstari huo ndio unaoamua nani atakuja kuziba shimo. Mwaka 2009 walirudishwa Gauteng.

Mgodi ukifungwa juu, chini hauachi kuchimbwa. Wanaoingia bila kibali huitwa zama zama, na hapa lugha inatuchezea. Kwa Kizulu maana yake ni jaribu, jaribu tena. Kwa Kiswahili tunasikia kuzama. Polisi walianzisha operesheni ya kuwatoa mwishoni mwa mwaka 2023, ikaitwa Vala Umgodi, na neno la pili halihitaji kamusi kwa mtu wetu yeyote: funga mgodi. Huko Stilfontein, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo ya N12, chakula na maji vilizuiwa visishushwe kwa waliokuwa ndani. Januari 2025, baada ya mahakama kuingilia, walitolewa watu 246 wakiwa hai na maiti 78. Wengi walitoka Msumbiji, Zimbabwe na Lesotho, zilezile nchi ambako migodi ilikuwa ikifuata vibarua kwa treni. Tulisikia kwenye teksi watu wakisema waachwe humohumo. Sisi tulinyamaza, kwa sababu katika teksi ya namna hiyo lafudhi yako ndiyo pasipoti yako.

Ukilinganisha na nyumbani, utakuta mifano ya pande zote mbili. Kilembe nchini Uganda ilikuwa na shaba, reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na kampuni iliyomiliki nyumba, hospitali na mtambo wa umeme wa maji wa megawati 5. Shaba ilisimama mwaka 1982. Nyumba na hospitali zikabaki bondeni na kampuni isiyochimba, na mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, hospitali hiyo ilipigwa mara zote mbili.

Mpanda ni hadithi nyingine, na ndiyo iliyotushangaza. Walichimba madini ya risasi, kampuni ikiitwa Uruwira, na kwa ajili yake reli ya kama kilomita 210 ikajengwa kutoka Kaliua na kufika Mpanda mwaka 1950. Kufikia mwaka 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Kwa hesabu za mhasibu, ile reli ilikuwa hasara tupu. Lakini ilikuwa sehemu ya shirika la reli la Afrika Mashariki, haikuwa mali ya mgodi, kwa hiyo hapakuwa na mfilisi wa kuing'oa. Treni ikaendelea kubeba watu, mahindi na mpunga. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipopewa makazi Katumba, reli ilikuwa inapita hapohapo. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi. Mama wa mmoja wetu alisafiri kwa treni hiyo akiwa msichana, na mpaka leo, akiwa Yeoville, huipima safari yoyote ndefu kwa kulinganisha na ile.

Tulimsimulia mzee wetu habari hizo wakati tunasubiri teksi ya kurudi ijae. Alisikiliza kwa makini, akauliza treni hiyo ni ya nani. Tukamjibu kuwa ni ya serikali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akauliza kama huwa inafika kwa wakati. Tuliangaliana, tukamgeukia yule ambaye mama yake aliipanda, naye akasema ntate, hapo tusidanganyane.