Pango la Pech Merle: Kwa Nini Watu 700 Tu?

Wanajumuiya, safari ya kiangazi kutoka Toulouse ilitufikisha Pech Merle, pango lenye farasi wa madoadoa waliochorwa yapata miaka 29,000 iliyopita. Wengi walinung'unika: mbona kwa siku hawazidi wageni 700? Jamani, tatizo ni pumzi zetu. Tunatoa joto, mvuke na hewa ya ukaa. Mvuke hugeuka maji ukutani, yakichanganyika na hewa hiyo yanakuwa asidi hafifu inayokula chokaa. Pumzi za wageni ndizo zilizofanya Lascaux ifungwe 1963. Jioni tulipanda Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichong'ang'ania jabali juu ya mto Lot. Nyumba zake pia ni za chokaa, ila huko upepo unakausha kuta. Pangoni hakuna upepo. Basi mwakani tukate tiketi mapema, tusilaumu mlinda mlango.