Je, Wajua? Kanisa na Familia Zilizotoka Utumwani Marekani

Je, wajua kwamba zamani wachungaji wa kusini mwa Marekani walisoma mimbarani barua za watu wanaowatafuta mama zao? Utumwa ulifutwa mwaka 1865, lakini watoto walikuwa wameshauzwa Texas na mama wamebaki Virginia. Kuanzia 1879 gazeti la Kimethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, liliwatengea safu yao. Mteja wa gazeti alichapiwa barua yake bure, wengine walilipa senti 50. Gazeti liliwafikia wahubiri karibu 500, nao waliombwa wawasomee waumini barua hizo. Mwandishi alitaja jina la mama, la ndugu, na la kila bwana aliyewahi kuwamiliki, kwa kuwa mtu akiuzwa aliweza kubadilishwa hata jina. Wengine waliandika miaka 30 baada ya kutenganishwa. Waliokutana tena ni wachache. Hata hivyo, katika kazi zote za makanisa hayo, hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko nyingine.

Je, wajua kwamba sheria ya kusini haikuitambua ndoa ya mtumwa? Uhuru ulipokuja, wazee wenye wajukuu walisimama mbele ya mchungaji kufungishwa ndoa, ili cheti kiwalinde wao na watoto wao.

Je, wajua nani aliulizwa kwanza watu walioachwa huru wanataka nini? Tarehe 12 Januari 1865, mjini Savannah, Jenerali Sherman wa jeshi la serikali ya Marekani na Waziri wa Vita Stanton walikaa na viongozi 20 wa makanisa ya Weusi. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mhubiri wa Kibaptisti mwenye miaka 67, aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000. Aliomba ardhi, watu wailime kwa jasho lao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri: kila familia ipewe ardhi isiyozidi ekari 40 katika ukanda wa pwani. Watu wapatao 40,000 walihamia huko. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akaanza kuwarudishia mashamba hayo mabwana wa zamani. Deni hilo halijalipwa mpaka leo.

Je, wajua kwamba vyuo vikubwa vya Weusi vilianzia vyumba vya chini vya makanisa? Morehouse, alikosoma Martin Luther King, kilianza 1867 chini ya Kanisa la Springfield Baptist, Augusta. Spelman kilianza 1881 chini ya Friendship Baptist, Atlanta, kikiwa na wanafunzi 11, wote wa kike.

Na mgonjwa alihudumiwa na nani? Na maiti? Ndani ya makanisa kulikuwa na vyama vya kufa na kuzikana. Dobi na wapishi walichanga senti zao, mwenzao akiugua apate chakula, akifa apate jeneza. Wanawake ndio walioviendesha kwa sehemu kubwa, na majina yao hayaonekani katika vitabu vya historia kama yanavyoonekana ya wachungaji.

Je, wajua kwamba mchungaji aliwahi kuanzisha benki? Benki ya akiba ya walioachwa huru, iliyopewa kibali na Bunge mwaka 1865, ilianguka 1874 ikiwa na wateja zaidi ya 60,000, wengi wao wakiamini serikali imeidhamini. Weusi wengi waliacha kabisa kuziamini benki. William Pettiford, mchungaji wa Kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16, Birmingham (kanisa lilelile ambako bomu liliua wasichana wanne mwaka 1963), aliona vibarua wanalipwa Jumamosi na fedha inaishia kwenye pombe. Mwaka 1890 yeye na wenzake wakafungua Alabama Penny Savings Bank. Ilipokea akiba ndogondogo, ikakopesha watu wajenge nyumba, ikavuka msukosuko wa fedha wa 1893 ulioangusha benki nyingi za wazungu, na ikadumu hadi 1915.