Moteri ya trakta imekwama: usikimbilie kuivuta na kamyo

Katika uwanda wa Ruzizi na sehemu zingine za Kivu, kuna trakta za zamani zilizolala miaka chini ya mti ao ndani ya hangari, sababu wenyewe walikimbia vita ao walikosa piesi. Mwezi wa 9, wakati msimu A unaanza, mwenye trakta anataka kuiamsha. Anatia batri mpya, anazungusha ufunguo, demarere inapiga «tak» na inanyamaza. Hapo jirani mmoja anasema: tufunge kamba, kamyo iivute.

Shauri hilo linaweza kuua moteri ambayo ingepona.

Tuchukue Massey Ferguson 135, trakta ya miaka ya 1960 na 1970, yenye moteri ya Perkins ya pistoni 3. Ikiwa eshapema yake imesimama wima bila kifuniko, mvua inaingia mule, inapita kwenye supapi iliyobaki wazi, inafika juu ya pistoni. Segma zinashika kutu na kujifunga kwenye shemize. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana inabana hivyo. Kamyo ikivuta, pistoni haisogei, lakini nguvu lazima iende mahali: bieli inapinda ao segma zinavunjika. Na kama maji yamejaa juu ya pistoni, hayabanwi kama hewa.

Kwanza hakikisha ni moteri yenyewe. Tia pointi moru. Ondoa kurua, sababu pompi ya maji ao dinamo nayo inaweza kukwama. Fungua demarere, uone kama meno yake hayajashika volani. Legeza buloni ya chini ya karteri pole pole: maji ni mazito kuliko mafuta, yatatoka ya kwanza. Uliza pia trakta ilisimama namna gani. Kama ilizimika shambani, ikiwa na moto mwingi ao bila mafuta, basi vyuma vimeungua na kushikana. Dawa ya kutu haitasaidia, ni kufungua moteri.

Kama ni kutu, toa enjekteri zote 3. Mimina kwenye kila tundu kikombe kidogo cha mazuti iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta mekundu ya direksio. Wengine wanatia esanse. Inapenya vizuri, lakini mvuke wake unashika moto haraka, kwa hiyo hakuna sigara wala kulehemu karibu. Kiisha ngojea. Si saa moja: siku 3, 4, hata wiki 2, ukiongeza kila yanaposhuka. Hapa ndipo watu wengi wanachoka, na ni hapa kazi inafanyika.

Wakati wa kungojea, fungua kifuniko cha juu na ugonge supapi kidogo na nyundo ya mpira. Supapi iliyokwama itapinda fimbo yake siku moteri itazunguka.

Kisha tia ufunguo kwenye buloni ya puli ya mbele. Sukuma kidogo huku, rudisha kidogo kule. Usitie tiyo ya metre 2 ili kulazimisha upande mmoja. Ikisogea hata milimita chache, umeshinda. Ongeza mafuta, endelea kutikisa. Isiposogea, toa kulasi, safisha kutu iliyo juu ya pistoni kwenye shemize, halafu gonga pistoni na kipande cha mti mgumu. Gonga ile iliyo katikati ya mwendo wake. Iliyo juu kabisa ao chini kabisa haiwezi kuzungusha kitu, unapiga vilebreken bure.

Ikizunguka, bado usiiwashe. Mafuta ya karteri yabadilishwe, sababu ile dawa imeshuka mule. Zungusha na demarere enjekteri zikiwa nje, watu wasimame mbali na matundu. Hakikisha pia kifaa cha kuzimisha kwenye pompi ya mazuti kinasogea. Kikikwama wazi, moteri inaweza kukimbia bila kusimama. Siku ya kuwasha, mtu mmoja asimame na kibao karibu na mdomo wa hewa, tayari kuuziba. Si mkono: kibao.

Na anayetaka kununua trakta iliyolala, azungushe ile puli mwenyewe kabla ya kutoa franka.