Waya unaobeba majibu ya damu yako

Mtoto mmoja aliletwa kwangu akihema, viganja vyake vyeupe. Karatasi ya maabara ilisema hemoglobini yake ni 8.5. Sikuridhika. Nilipoenda kuitazama mashine yenyewe nikakuta 5.8. Aliyenakili kwa mkono alikuwa amegeuza tarakimu, na kwa mtoto anayehema vile, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo ataongezewa damu usiku huo au atapewa dawa ya kumeza arudi nyumbani.

Dawa ya kosa hili ni mashine kupeleka majibu kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kalamu kati. Lakini mashine nyingi za kupima damu hutoa majibu kupitia tundu la pini tisa la mtindo wa RS-232, uliobuniwa Marekani mwaka wa 1960. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, zina USB. Kinachoziunganisha ni adapta, waya mfupi unaotoshea mfukoni.

Je, utachagua ipi? Hakikisha imeandikwa RS-232. Zipo zinazofanana nayo, za mtindo wa TTL, ambazo hustahimili volti 5 au chini, ilhali mashine yaweza kutoa hadi volti 15. Hizo zitaungua.

Tatizo gumu zaidi ni chipu bandia iliyofichwa ndani ya plastiki. Mwaka wa 2014 kampuni ya FTDI ya Uskoti ilitoa programu iliyowafikia watu kupitia Windows na kuzizima chipu zilizoiga zake. Wengi walionunua bila kujua wakaachwa na adapta mfu. Hebu fikiria asubuhi kama hiyo maabarani, foleni imejaa! Kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha, na umwambie kompyuta yako inatumia Windows gani.

Kasi nayo, kwa mfano 9600, lazima ilingane pande zote mbili, la sivyo utasoma takataka. Tena ukihamisha adapta hadi tundu jingine la USB, kompyuta huenda ikaipa nambari mpya na majibu yakakwama. Mimi nimebandika plasta ya vidonda kando ya tundu lake, mtu asiiguse.

Kabla ya kuiamini, linganisha majibu ya wagonjwa 20 hivi na yale yaliyo kwenye mashine. Nawe mgonjwa, ukiona nambari haifanani na hali yako, mwombe daktari aitazame mashine yenyewe.